Sanamu za Haraka

Kabla ya kumpiga mtu picha, jirani yangu alikuwa na neno moja tu la kumwambia: "Pumuzisha uso." Alisimama nyuma ya kamera yake, tai shingoni, akangoja uso wa mteja upumzike, na usipopumzika habonyezi. Nimeona watu wamekaa kwenye kile kiti robo saa nzima. Wengine walikasirika, wengine walishikwa na kicheko, na mama mmoja muuza samaki aliangua kilio bila mtu kumuuliza kitu. Jirani yangu alimngoja amalize kulia, akampa kitambaa, akarudi mahali pake. "Sasa uso imepumuzika," akasema, akabonyeza. Ilikuwa picha ndogo ya kadi, lakini yule mama alirudi wiki iliyofuata kuomba aikuze iwe kubwa ya kuweka ukutani.

Na kibao chake juu ya mlango kiliandikwa kwa rangi ya buluu: SANAMU ZA HARAKA. Kwa miaka sita nilimtania kwa ajili ya kibao kile.

"Papa," nilimwambia, kama tunavyomwita kila baba, "serikali ikijuwa namna unatumikisha ile neno haraka, itakufunga."

"Haraka iko ku kibao," alijibu bila kuinua kichwa. "Ndani ni kazi."

Neno sanamu lazima nilieleze mapema, maana ndilo lililotuletea mambo. Katika Kiswahili cha mimbarani, sanamu ni kinyago, mungu wa kuchongwa. Kwetu Bunia, hasa kwa mama zetu wazee, sanamu ni picha yoyote: ya kalenda, ya harusi, ya marehemu aliyesimama mbele ya nyumba akiwa ameshika redio. Vijana siku hizi wanasema foto. Lakini yeye alijifunza kazi zamani, wakati watu walipokuwa bado wanapiga sanamu, basi mtaa mzima ukamwita Mpiga Sanamu, nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake analo, na Mungu analijua.

Tulikuwa na barza moja, kwenye barabara ya vumbi jekundu si mbali na soko. Upande wa kushoto palikuwa na cherehani yangu na vitenge vya wateja, upande wa kulia studio yake, na katikati yetu ukuta wa mbao nyembamba kiasi kwamba akipiga chafya mimi nasema pole. Kwa hiyo mengi ninayoyaeleza niliyasikia kabla ya kuyaona. Kama ni umbeya, ni umbeya wa mbao.

Alikuwa mrefu na mwembamba, na alivaa tai kila siku juu ya sweta ya kijivu, jua liwake au mvua inyeshe. Tai alikuwa nazo tatu. Alinieleza kwamba mtu anayekwenda kutazamwa anastahili kutazamwa na mtu aliyevaa vizuri. Majina hayakumkaa kichwani hata kidogo. Alikumbuka nyuso. Alisema, "Yule mwenye nyushi zimekutana alileta suruali yake?" na mimi nikajua moja kwa moja anamsema nani. Chai yake ilikuwa na tangawizi nyingi mno, na kila saa nne alinigongea mbao ili nikachukue kikombe changu.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kusafisha picha za zamani. Watu waliokimbia vita huko Djugu walikuja nazo zimekunjwa ndani ya viatu, zimelowa, zimeliwa pembe na mchwa. Alizipokea kwa mikono miwili. Kwa pamba, spiriti kidogo na brashi yenye nywele chache sana, alirudisha jicho la mtu, shavu lake, kola ya shati lake. Watoto wachanga wa kambi ya wakimbizi aliwapiga bila makuta, bure kabisa. Alisema mtoto aliyezaliwa chini ya hema asije akakosa hata ushahidi kwamba alikuwa mzuri.

Huyo ndiye Mpiga Sanamu watu wengi waliyemjua. Sasa nitasema na mengine, maana nilimpenda na sitaki kumpaka rangi.

Meza yake ya kazi ilikaa vibaya. Fundi yeyote wa kazi ndogondogo hugeuza meza ielekee dirishani ili mwanga uangukie mikono. Mimi mwenyewe cherehani yangu ilielekea nje. Yeye aliligeuzia dirisha mgongo na kuutazama mlango, na kivuli chake kikaanguka juu ya kazi yake mchana kutwa. Nilimwambia mara nyingi. Alijibu kwamba amezoea.

Halafu kulikuwa na ile habari ya mashine, ndiyo kamera yake. Aliingia mtu, kijana au mtu mzima, akasema anatoka upande fulani wa Fataki, na Mpiga Sanamu akamtazama uso kwa muda mrefu, kama anamsoma, kisha akasema, "Masini imekufa." Mtu akaondoka. Kabla vumbi la miguu yake halijatulia, aliingia mwingine na mashine ikawa nzima.

"Papa, masini yako inafufuka sawa Lazaro," nilimtania siku moja.

Hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza nimtanie asicheke, na chai ya saa nne siku ile haikugongwa.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, mwenye benchi lake mbele. Aliimba sauti ya chini, nyuma kidogo ya wenzake, akiwa amekifungua kitabu cha nyimbo hata kwa nyimbo ambazo mtoto wa miaka mitano anazijua kwa moyo. Alifundisha darasa la ubatizo, na somo lake kubwa lilikuwa pumziko. Nililisikia mara nyingi kupitia mbao, maana wanafunzi walikuja hadi studio. Aliwaambia kwamba Yesu hakuwaita waliokwisha kupumzika, aliwaita waliochoka, wakiwa na mizigo yao kichwani hivyo hivyo. Aliwaambia wasingoje kwanza kuitua wenyewe, wamwendee, yeye ndiye atakayeitua. Nilikuwa naacha kukanyaga cherehani ili nisikie vizuri.

Mke wake, ambaye alipita kila siku na kikapo chake cha sombe, yale majani ya muhogo, aliniambia siku moja kwa sauti ya chini, "Huyu Papa halalake. Anafunga macho tu."

Kila asubuhi, kabla ya kufungua, nilisikia droo ikivutwa, kitabu kikifunguliwa, kisha kimya kirefu. Nilijua anasali. Niliona aibu, maana mimi asubuhi nilianza kwa kugombana na uzi. Nilikuwa nasema moyoni, tazama mtu wa Mungu, na wewe uko hapa na mdomo wako.

Mvua ndiyo iliyonifungua macho. Ilinyesha ghafla mchana, yeye akiwa ametoka, na bati la studio lilikuwa na tundu juu ya meza yake. Nilikimbia kuokoa vitu. Nilikamata kamera, nikakamata karatasi, nikakamata kitabu cha nyimbo, na kutoka ndani ya kitabu ikaanguka picha.

Ilikuwa ya harusi. Watu wamekaa kwenye meza yenye chupa za soda, na katikati yao kijana mwenye shati jeupe na masikio yaliyosimama anacheka kwa meno yote. Kuzunguka kichwa chake mtu alikuwa amechora duara kwa biki nyekundu. Duara lile halikuchorwa mara moja. Lilikuwa limepitiwa na kupitiwa tena hadi karatasi ilibonyea kama njia ya maji. Nilikuwa bado nimeishika aliposimama mlangoni, maji yanamtiririka kwenye tai.

"Ni nani?" nikauliza.

Aliichukua mkononi mwangu kwanza. Halafu akaeleza akiwa amesimama, kwa maneno machache.

"Huyu alikulaka kwangu mu Fataki. Ku ndoa ile nilimupiga sanamu bila makuta, juu alikuwa anapenda kucheka. Siku batu ba vita balikuya kuchoma manyumba, ni yeye alibaonyeshaka mulango yangu. Mudogo yangu alibakia ndani juu ya kuokoa masanduku ya filme. Hakutokaka."

Mvua ilipiga bati. Nikauliza, "Na unaiangalia ya nini, Papa?"

"Nisimusahau. Siku moja atahitaji foto ya karti. Ataingia hapa. Nataka nimujuwe mbele yeye anijuwe."

"Na ukimujuwa?"

Alifuta picha kwa mkono wa sweta, akairudisha ndani ya kitabu, akanyoosha tai. Basi nikaielewa meza, nikaielewa mashine, na kile kimya cha asubuhi nacho nikakielewa. Nilirudi kwenye cherehani yangu. Mimi ni mtu wa maneno mengi, lakini jambo lile sikumwambia mtu.

Miezi ikapita, akaja mhubiri mgeni. Alitoka mbali, mashariki, na Kiswahili chake kilikuwa safi kama kimepigwa pasi. Alituhubiria juma zima, na Jumatano akasema juu ya miungu ya uongo. Alikuwa anafikiria hirizi na dawa za mlangoni, mambo ambayo hata Wakristo huyaficha chini ya godoro. Lakini alisema hivi: "Jumapili, kila mmoja alete sanamu zake. Tutaziteketeza mbele za Bwana." Akaketi, akanywa maji. Masikini, hakujua amesema nini.

Jumapili mbele ya kanisa paliwashwa moto ndani ya nusu ya pipa. Mama wazee walikuja na bahasha. Walikuja na picha zilizofungwa ndani ya vitenge, ndani ya mifuko ya sukari, zingine bado ndani ya fremu zake. Karibu yangu alisimama mama mmoja wa Bule, mwembamba sana, ameshika kwa mikono yote miwili picha ya mume wake aliyebaki kaburini huko. Ilikuwa mojawapo ya zile alizozisafisha Mpiga Sanamu. Nyumba hana tena, shamba hana, na alichobeba katika mbio zake zote kilikuwa kile kikaratasi.

"Nitabakia na nini, mutoto yangu?" aliniuliza. Halafu, kabla sijafungua mdomo, akajijibu. "Lakini kama ni Yesu anaomba, nimupe."

Maneno yale yalinichoma. Nilitaka kupiga kelele, lakini mama wa kwanza alikuwa amekwisha kuinyoosha bahasha yake juu ya moto. Ndipo nilipomwona Mpiga Sanamu, mtu ambaye sikuwahi kumwona akiharakisha kitu duniani, akitoka kwenye benchi la wazee mbio, tai imeruka begani. Alimshika yule mama mkono. Akazipokonya na bahasha zilizokuwa kwenye kikapo cha kuzikusanyia, akazikumbatia.

"Pardon, mutumishi wa Mungu! Hii ni foto! Hapa kwetu foto ndiyo tunaita sanamu!"

Mhubiri alitazama kikapo, akatazama mama wale, akajifunika mdomo. Kisha alicheka hadi machozi yakamtoka, na sisi sote tukacheka kwa kupona. Alipiga magoti palepale kwenye vumbi, na suti yake nzuri, akaokota zile zilizoanguka, akamwomba msamaha kila mama. Nilimpenda kwa jambo lile. "Ndugu yangu," akamwambia Mpiga Sanamu, "hebu waeleze wewe, maana mimi ulimi wangu umewatesa."

Mpiga Sanamu alikuwa bado anahema. Alisema kwa furaha, bila kupanga, na watu husema ukweli wao katika hali ile.

"Bamama, mukamate sanamu zenu. Karatasi haina kosa. Sanamu ya kutupa ni ile kitu unaamukia kwanza, na Mungu nyuma. Ile unauliza njia asubuyi. Ile inakuambia, huyu umupokee, huyu umufukuze…"

Hapo akakoma, kama amejisikia mwenyewe. Mdomo ulibaki wazi. Watu walidhani amemaliza wakapiga makofi, na mama wa Bule akaifunga tena picha yake ndani ya kitenge akiimba. Mpiga Sanamu alirudi benchini kwake akakaa. Wimbo ulipotajwa, hakukifungua kitabu.

Laiti ningeweza kusema kwamba mambo yaliisha siku ile. Jumatatu asubuhi nilisikia droo ikivutwa. Jumanne vilevile. Nilikasirika nikapiga mbao kwa mkasi, nikasingizia kwamba naua mende. Alijua, naye alijua kwamba najua. Wiki tatu tulikunywa chai ya tangawizi kama watu wanaokunywa dawa.

Kisha akaja yule mwanamke. Alitoka kwenye kambi ya waliokimbia, pembeni ya mji, akiwa ametembea kwa mguu na binti yake wa miaka kama sita au saba. Alivua viatu mlangoni, wakati hakuna anayevua viatu studio. Nilimwona akipita, na baadaye niliyasikia yote kupitia ukuta.

"Papa, batu baliniambia ni weye ulipigaka sanamu ku ndoa moja mu Fataki, ile ya meza na soda. Bwana yangu alikuwaka pale, na shati ya mweupe. Alikufaka ku njia ya Bule wakati tulikuwa tunakimbia. Siko na hata sanamu yake moja. Huyu mutoto alikuwa ku tumbo. Ananiuliza baba yake iko namna gani, na mi nakosa namna ya kumwambia."

Mguu wangu ulikuwa umesimama juu ya cherehani.

"Alikuwa namna gani?" Mpiga Sanamu akauliza.

"Angalia huyu. Masikio sawa haya. Na alipenda kucheka."

Nikahesabu pikipiki tatu barabarani.

"Siko nayo, mama," akasema. "Yote iliungua."

Mwanamke alimshukuru. Alimshukuru! Akavaa viatu vyake, akamshika mtoto mkono, wakaenda.

Sikubisha hodi. Niliingia na sindano bado imechomekwa kwenye nguo yangu. "Papa, weye ni mzee wa kanisa, na umedanganya yatima."

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, uso umekuwa wa majivu. Picha ilikuwa mkononi mwake. "Alishakufaka," akasema. "Unasikia? Alikufaka mwaka ile ile." Akacheka kicheko kibaya ambacho sitaki kukisikia tena. "Mi naangalia mulango miaka sita, na mutu mwenyewe iko mu udongo. Nilikuwa nalinda nini?"

Halafu akakaa kwenye kiti cha wateja. Sikuwahi kumwona amekaa pale. Alikaa kama wanavyokaa wote, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, taya limekaza kama anangoja kupigwa. Neno lililonitoka lilikuwa lake mwenyewe.

"Pumuzisha uso, Papa."

Alilia. Nilimpa kipande cha kitenge cha mteja, Mungu anisamehe, kitambaa kingine sikuwa nacho. Alipomaliza alisali kwa sauti, bila maneno makubwa ya benchi la mbele. "Yesu, nilikupa mugongo, nikaangalia mulango. Nilikuwa nafundisha bengine kupumuzika, na mi mwenyewe siwezi. Nimechoka. Kamata huyu mutu mu mikono yako. Kamata na mudogo yangu. Na mi pia." Hakusema amina. Aliinuka tu, akachukua pamba na chupa ya spiriti, akakaa mezani, akajaribu kuanza kazi. Kivuli chake kiliifunika picha yote.

"Sioni," akasema. "Nisaidie tugeuze meza."

Tuliigeuza. Ilikuwa nzito, na miguu yake ilikuwa imechimba mashimo sakafuni. Tuliielekeza dirishani, naye akakaa, na kwa mara ya kwanza mlango ukawa nyuma yake. Nilimwona akigeuka kuutazama mara mbili, mara tatu. Kisha mwanga ulimshughulisha.

Kuliondoa lile duara kulimchukua siku tatu. Wino ulikuwa umeingia ndani ya karatasi, na ilimbidi kuutoa nukta kwa nukta, halafu kurudisha kwa brashi vile alivyokuwa ameviumiza: nywele, ukingo wa sikio, kola. Usifikiri alikuwa anaimba. Siku ya pili alitupa brashi nikasikia ikigonga mbao. "Siwezi! Anacheka!" Alitoka nje, akaenda hadi sokoni, akarudi na tangawizi ambayo hatukuihitaji. Akaokota brashi. Jioni aliniambia, akishangaa mwenyewe, kwamba miaka yote ile alikuwa anaangalia duara, na sasa ndipo alipomwona kijana, na kwamba alikuwa bado mtoto kabisa, ndevu hazijaota vizuri. Alisema hawezi kusema hakuna kosa. Kosa liko, na mdogo wake hatarudi. Lakini hakimu si yeye tena, na kuacha ile kazi ya kuhukumu kunafanya mikono yake iwe myepesi hata anaogopa itapeperuka.

Siku ya tatu alimkuza yule kijana peke yake, uso na mabega na shati jeupe. Ile ya harusi akaiweka katika bahasha moja pamoja nayo.

"Hubakishi moja?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Nilishaiangalia ya kutosha."

Nilishona mfuko wa kitenge wa kuitilia, nikaweka na kifungo. Twende pamoja, akaniomba, na mimi nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu. Tulipanda pikipiki mbili hadi kambini, tukauliza, tukaonyeshwa hema. Mwanamke alikuwa anachambua maharagi. Alipomtambua alisimama haraka, akapangusa mikono.

"Mama, nilikudanganya," Mpiga Sanamu akasema kabla ya salamu. "Nilikuwa nayo." Akampa mfuko kwa mikono miwili.

Alifungua. Hakulia mara moja. Alikaa chini polepole, akiwa ameishika mbali kidogo na uso, kama mtu anayesoma barua. Binti alikuja akaegemea bega lake, akatazama, akajishika masikio yote mawili.

"Papa iko na masikio yangu," akasema.

Mpiga Sanamu aligeuza uso akatazama mahema. Yule mama alikuwa amekwisha kuitoa na ile ya harusi. Alipitisha kidole kuzunguka kichwa cha mume wake, pale ambapo karatasi ilikuwa bado imebonyea. Rangi ilikuwa imekwisha, lakini shimo halifutiki kwa brashi. Aliinua macho, akamtazama muda mrefu.

"Alikukoseaka?"

Ningekuwa mimi ningesema mengi, au ningesema uongo. Yeye alichuchumaa ili macho yao yalingane.

"Ndiyo, mama. Nimekuya kumuacha hapa." Kisha akaongeza, "Alikulaka kwangu. Alipenda kucheka, umesema kweli."

Yule mama aliinamisha kichwa. Akasema neno moja tu, "Pardon," na Mpiga Sanamu akamwambia hapana, weye hapana. Tukapewa viti vya kukopa kwa jirani, na maharagi, na binti akamtaka ampige naye sanamu, akiwa ameishika sanamu ya baba yake. Akainua kamera aliyokuja nayo, akamwambia apumzishe uso. Mtoto hakuweza, alikuwa anacheka kwa meno yote, na Mpiga Sanamu akabonyeza hivyo hivyo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Baada ya hapo nilihama. Nilipata chumba kikubwa zaidi mtaa mwingine, na ukuta wangu sasa ni wa matofali, sisikii kitu, na nakiri kwamba nahisi upweke. Karibu mwaka ulipita bila kuonana, kwa maana mji ni mdogo lakini kazi ni nyingi.

Mwezi uliopita nilihitaji picha za pasipoti. Studio ziko hata hapa mlangoni kwangu, za vijana wenye kompyuta, lakini nilipanda pikipiki nikaenda. Kibao kilikuwa bado pale, rangi imefifia, neno HARAKA limebaki wazi kuliko mengine. Mlango ulikuwa umefunguliwa wote, umeegemezwa jiwe. Nilibisha hodi, kimya. Nikaingia.

Alikuwa amekaa mezani, ameelekea dirishani, mgongo kwa mlango. Brashi ilikuwa kwenye kopo lake. Kichwa kilikuwa kimelala juu ya mkono, miwani imesogea, tai imeanguka juu ya kitabu cha nyimbo. Jua la saa nane lilikuwa limemkalia mgongoni, na alikuwa anakoroma, kwa sauti ya chini, nyuma kidogo, kama anavyoimba kanisani. Nilizunguka taratibu nikamtazama usoni. Miaka sita nilikaa karibu na uso ule, na nikajua sasa kwamba sikuwahi kuuona. Nililia kidogo, kwa furaha, nikitumia mkono wa blauzi yangu.

Nyuma yangu viatu vikakwaruza. Mlangoni walisimama wanaume wawili, mmoja wao namjua kwa uso, nyushi zake nzito. Alikuwa wa upande ule wa Fataki. Nilikuwa kwenye cherehani yangu siku alipofukuzwa.

"Mama," akasema kwa wasiwasi, "ile masini yake ilipona?"

Niliweka kidole mdomoni, nikawatoa hadi kwenye barza, nikawaonyesha benchi.

"Ilipona kabisa," nikawaambia. "Mungoje kidogo. Papa anapumuzika."